Msumari wa Koti la Mgeni

Watu wa Laini Saba, Kibera, walimjua Shiundu kwa mambo mawili: mkono usiotetemeka na koti lisilovuliwa. Mkono ulikuwa wa kutengeneza saa. Koti lilikuwa la sufu nzito, la mtumba, la rangi ambayo hakuna aliyekuwa na hakika nayo, na mkewe Rosebella alikuwa ameapa mara tatu kwamba siku moja atawatandikia kuku watagie humo. Shiundu alicheka tu. Julai ya Nairobi haina mchezo, na mtu aliyeinamia saa kibandani tangu asubuhi hapati joto kwa viapo vya mkewe.

Kibanda chake kilitazamana na reli. Ungedhani ufundi wa saa na treni haviwezi kuwa majirani, lakini Shiundu alizijua nyakati za treni zote, na zile zinazochelewa alijua huchelewa kwa kiasi gani. Treni ikikaribia aliweka kibano chini, akakunja mikono, akangoja mpaka vioo vya saa rafuni viache kugongana, kisha akaendelea. Wateja walishazoea kukatizwa salamu katikati na kungoja naye.

Siku aliyokuja Jentrix alimkuta amekunja mikono vivyo hivyo. Msichana mwembamba mwenye miwani na kiondo begani, akangoja behewa la mwisho lipite ndipo akasema, "Mulembe, fundi. Nataka saa zilizokufa."

"Mulembe. Zilizokufa mimi huwa nafufua."

"Usifufue. Nataka zikiwa zimekufa hivyo hivyo. Za betri."

Kwa miaka kumi na tisa hakuna mteja aliyewahi kumwomba Shiundu asitengeneze kitu. Akaona huyu ama ni mgonjwa ama ana jambo, akamsogezea kigoda.

Jentrix akaokota saa moja ya plastiki kwenye kopo la mabovu, akaifungua kwa ukucha, akatoa humo kikopo cha bati kisichozidi punje ya mchele. Akakibana taratibu kikapasuka, na ndani mkatoka uma mdogo wa meno mawili, unang'aa kama umetoka kuoshwa. Shiundu aliujua. Huo ndio moyo wa saa ya betri. Hutetemeka zaidi ya mara elfu thelathini kwa sekunde, na saa huhesabu mitetemo hiyo. Yeye mioyo hiyo alikuwa akiitupa jalalani.

Msichana akaeleza shida yake. Alikuwa mwanafunzi wa fizikia, anatafuta shahada ya pili, na chuo kilikuwa kimefungwa tena kwa sababu ya fujo. Kwa barua ya mwalimu wake, yeye na mtu wa maabara aitwaye Kitheka walikuwa wamepakia mashine yao kwenye mkokoteni na kuihamishia Kawangware, kwenye stoo ya shangazi yake huko Gatina. Ilikuwa aina ya darubini, lakini si ya kutazama kwa jicho. Iliona kwa kupapasa. Uzi mwembamba wa kioo, uliochongwa ncha kali kuliko sindano yoyote, hugandishwa kwenye jino moja la uma wa saa, kisha husogezwa juu ya kipande cha kioo chenye mwanga ndani yake, karibu sana bila kugusa. Kuna mwanga usiotoka nje ya kioo, alisema Jentrix, umelala juu ya ngozi yake tu, na anayeutaka lazima aufuate pale pale. Uma ukihisi kioo kiko karibu, mtetemo wake hupungua, na mashine hujua pa kusimama.

"Kila nikigandisha ncha, nakosea," akasema. "Mkono wangu unatetemeka. Wako nimesikia hautetemeki."

Shiundu alikuwa mtu wa kupenda sifa, na hakuona haya kuipokea. "Na hiyo mashine inatafuta nini hapo kwenye ngozi ya kioo?"

Jentrix akaangalia chini ya meza, akaona ngoma. Shiundu ndiye aliyekuwa akipiga ngoma kanisa lao likiandamana Jumapili, kanzu nyeupe mbele na bendera nyuma.

"Mkiandamana," akasema, "mtu aliye mbali anaweza kuona ni wengi ama ni wachache. Hiyo ni rahisi. Lakini ni mguu gani uko mbele, wa kushoto ama wa kulia, hiyo mpaka akaribie. Sasa mwanga nao unaandamana. Wengi wanapima mwanga ni mwingi ama ni kidogo. Mimi nataka kujua mguu. Kwenye vitabu inaitwa awamu."

"Na utajuaje mguu wa kitu hakina miguu?"

"Naugawanya mwanga mara mbili. Nusu inapita kwenye kioo ninachopima, ncha inadokoa kidogo. Nusu nyingine inazunguka kando ndani ya uzi wa kioo. Haina kazi ingine, ni kutembea sawasawa tu. Halafu zinakutana. Zikija mguu mmoja, panawaka. Zikipishana, giza."

Shiundu akafikiri. "Kwa hivyo huyo wa kando ndiye mpiga ngoma. Akilewa, utasema maandamano yote yamelewa."

Jentrix alicheka mpaka akavua miwani. "Fundi, mwalimu wangu alichukua muhula mzima kunieleza hiyo."

Ndipo akataja lililokuwa likimkosesha usingizi. Mtahini wake alikuwa akipita Nairobi siku moja tu, Ijumaa ya wiki iliyofuata, na alikuwa amekubali kufika Gatina kuiona picha ya awamu kwa macho yake. Picha ikiwepo, Jentrix ana shahada. Isipokuwepo, mashine inarudi chuoni kupewa mwingine, na yeye anaanza jambo jipya. Miaka miwili imekwenda na maji.

Shiundu akakubali hapo hapo. Jioni hiyo Laini Saba nzima, mpaka kwa wauza omena, ilikuwa imepata habari kwamba Shiundu anatengeneza mashine ya kuona miguu ya mwanga. Aliyetangaza ni Shiundu mwenyewe.

*

Kazi aliiweza. Alingoja treni ipite, akaweka lenzi jichoni, akachovya unywele mmoja wa Rosebella kwenye gundi, akagusisha tone ambalo hata yeye aliliona kwa shida. Lakini ncha zilivunjika njiani kuelekea Gatina, tatu kwa tatu. Ikaamuliwa fundi aende mwenyewe akagandishie kule kule.

Akaenda Jumatano, siku mbili kabla ya mtahini, kwa miguu, chini ya manyunyu ya asubuhi. Nyumba ilikuwa ya ghorofa moja, na stoo ilikuwa chini, sakafu ya saruji. Mlangoni alipokelewa na Filister, shangazi yake Jentrix, mama mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto.

"Karibu, fundi. Umelowa. Lete koti."

"Acha tu, mama, nitakaa nalo."

"Kwangu mgeni hakai na koti kama mtu anataka kutoroka. Lete."

Kwa Filister hilo halikuwa jambo la kujadili. Kwao magharibi koti la mgeni haliwekwi chini, wala haliwekwi kitandani, wala mgeni haachiwi alishike. Lina msumari wake. Na nyumba ile ilikuwa na msumari huo tangu ilipojengwa, kwenye ukuta wa stoo, mkubwa, wa kuaminika. Akalitundika, akalinyoosha mabega, akaenda kuleta chai.

Shiundu akaiona mashine. Jiwe pana la kutandazia njia lilikuwa limelazwa juu ya mipira minne ya gari iliyojazwa upepo, ili mitikisiko ya barabara isilifikie. Juu ya jiwe kulikuwa na vioo vidogo, uzi unaowaka mwekundu, na mahali pa uma wake. Akapenda. Aliona kazi ya watu wasio na kitu wanaojua wanachotaka, na hiyo ndiyo kazi aliyoiheshimu kuliko zote. Akaketi, akangoja lori lipite, akagandisha ncha kwa pumzi moja.

"Poa sana, buda," akasema Kitheka, kijana mrefu wa Kitui aliyekuwa akitunza mashine hiyo kwa wivu wa mama mkwe. Wakazima taa. Kwenye kompyuta picha ikaanza kujichora, mstari baada ya mstari.

Picha zilikuwa mbili. Ya kushoto ilionyesha wingi wa mwanga, nayo ilikuwa safi. Ya kulia ndiyo ya awamu. Ilitakiwa kuwa mistari iliyonyooka kama mahindi yaliyopandwa kwa kamba. Badala yake mistari ililala upande, ikajipinda, ikatambaa, kama aliyepanda alikuwa anafukuzwa na nyuki.

Wakarudia. Ikatambaa tena. Wakarudia mpaka mara ya nne.

"Ni gundi," akasema Kitheka. "Gundi ya jua kali, ya vibandani, inajivuta. Ncha haijashika."

"Gundi yangu imeshika saa za watu miaka kumi na tisa."

"Saa ni saa, buda. Hii ni sayansi."

Shiundu akasimama. Hasira ilimpanda kutoka miguuni, akaihisi ikifika masikioni. Hakutukana mtu. Alikunja kitambaa chake cha vifaa, akachukua koti msumarini, akamwambia Filister asante kwa chai, akatoka. Njia yote mpaka Kibera aliwaza atawaambia nini wauza omena.

*

Alhamisi asubuhi alikuwa amekunja mikono kibandani, na hakukuwa na treni. Rosebella, aliyekuwa ameleta uji, akamtazama, akamsogezea kikombe. Ndipo Jentrix akatokea akikimbia kando ya reli.

"Fundi, picha ilikubali."

Shiundu akainua kichwa. "Lini?"

"Jana. Umetoka tu, haikufika nusu saa, mistari ikanyooka. Ncha ni ile ile, gundi ni ile ile." Akashusha sauti. "Halafu Kitheka akafurahi, akapiga jiwe na kiganja. Ncha ikavunjika kabla hatujahifadhi. Mtahini anakuja kesho saa nne. Fundi, nakuomba urudi."

Rosebella akaziba mdomo kwa leso asicheke.

"Kwa hivyo nikiwa ndani inakataa," akasema Shiundu polepole, "nikitoka inakubali. Na Kitheka anasemaje?"

Jentrix akatazama viatu vyake. "Anasema una kisirani. Senje Filister naye ameombea ile stoo mara mbili."

Ilikuwa matusi juu ya matusi, na Shiundu alikuwa na haki ya kukataa. Alifungua mdomo akatae. Lakini Rosebella akamtangulia.

"Baba, mtu akikuletea saa, aseme ikiwa kwako inakwenda vizuri na ikiwa kwake inakosea, wewe humwambia ana kisirani?"

"Hapana."

"Humwambia nini?"

"Namuuliza ameiweka wapi." Akamkumbuka mama mmoja wa Gatwekera ambaye saa yake ilikuwa ikikosea kila wiki, mpaka Shiundu alipokwenda kwake akaikuta imetundikwa juu ya jiko la makaa. Saa haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa la mahali. Akamgeukia Jentrix. "Ule uzi wa kando. Mpiga ngoma. Yuko wapi pale stoo?"

"Ameviringishwa ukutani tu. Mita tano."

"Twende," akasema Shiundu, akalichukua koti lake.

*

Walitembea mbio, na walipofika Gatina Shiundu alikuwa anatoa mvuke kama sufuria. Kitheka alimsalimu kwa adabu ya mtu anayeogopa kurogwa. Filister hakuomba koti. Alikuwa amejiambia kwamba kama mzee ana kisirani, basi na kitu chake kisiguswe.

Shiundu akaweka koti mapajani, akagandisha ncha mpya, akasema, "Washa."

Mistari ikachorwa. Ilikuwa imenyooka kiasi kwamba Jentrix alishika kichwa kwa mikono miwili. Kitheka akasema labda kisirani kimeisha. Filister akatazama picha, akatazama mgeni wake aliyekumbatia koti kama abiria, na roho ikamsuta. Hakuweza kumwacha hivyo. Alilelewa vizuri mno.

"Aah, fundi, lete hiyo koti. Watu watasema nini."

Akalitundika msumarini. Dakika mbili hazikupita, mistari ikaanza kulala.

"Si nilisema," akanong'ona Kitheka.

Shiundu akainuka, akatoka nje, akafunga mlango nyuma yake. Akasimama kwenye baridi akiwa na shati tu, akitazama saa yake ya mkono. Dakika tano. Akagonga. "Imenyooka?"

"Bado inatambaa," Jentrix akajibu kutoka ndani.

"Basi mimi sina kisirani." Akaingia, akaenda moja kwa moja ukutani, akalitoa koti. Nyuma yake, ukizunguka ule ule msumari mkubwa na mwenzake mdogo wa pembeni, uzi wa kioo ulikuwa umeviringishwa mara nyingi, mwembamba kuliko uzi wa kushonea. Shiundu akaweka kiganja ndani ya koti. Lilikuwa bado na joto la mwendo wake kutoka Kibera. Jana lilikuwa limelowa, likikauka polepole juu ya uzi huo huo.

"Mpiga ngoma wako," akasema, "mlikuwa mnamfunika blanketi."

Jentrix alikaa chini kwenye saruji. Alikuwa ameviringisha uzi pale kwa sababu ndio msumari mkubwa pekee uliokuwepo, na shangazi yake alikuwa ametundika koti pale kwa sababu hiyo hiyo. Koti la mgeni kwenye msumari wa mgeni ni kitu ambacho hakuna mtu wa nyumba ile angekiona, hata kama kingewaka moto. Akapiga hesabu kwa kidole juu ya vumbi: uzi wa mita tano ukiongezeka joto kwa digrii moja tu, mwanga ulio ndani hukosea zaidi ya hatua themanini. Akaanza kucheka. Filister akacheka kwa sababu Jentrix anacheka, na Kitheka akaja mbele ya Shiundu, akavua kofia.

"Fundi, nilikosea. Gundi yako ni fiti."

"Nimesikia," akasema Shiundu, na kwa jinsi alivyofurahi angemsamehe hata mwizi.

Filister alikuwa tayari ametoka na kurudi na nyundo. "Basi tupige msumari mwingine ukuta huu wa pili. Mgeni lazima awe na msumari." Watu watatu walimrukia kwa pamoja kumshika mkono, maana pigo moja tu lingeivunja ncha. Akaiweka nyundo nyuma ya mlango, akawaambia hajasahau.

*

Ijumaa Shiundu aliamka akakuta koti limepigwa brashi. Ilikuwa mara ya kwanza tangu alinunue. Rosebella alikuwa amempa mgongo, anakoroga uji, na alipoulizwa akasema tu, "Kikulacho ki nguoni mwako, wenye hekima walisema. Heri basi ukiwa nacho kiwe safi."

Mtahini alifika saa nne kasorobo. Alikuwa profesa kutoka Dar es Salaam, mama mfupi aliyevaa sweta tatu na bado meno yalikuwa yanagongana. Aliingia akasema, "Shikamoo, mzee," na Shiundu, ambaye alikuwa hajasikia neno hilo kwa miaka, akajibu, "Mzuri sana." Filister alikuwa amekaa pembeni na koti la fundi mapajani, amelishika kwa mikono miwili, kwa kuwa msumarini haliendi na chini haliendi.

Picha ikatoka. Mistari ilinyooka. Profesa akaitazama kwa muda mrefu, akauliza maswali kumi na Jentrix akajibu kumi. La kumi na moja likamkwamisha.

"Nitajuaje kwamba hii ni awamu kweli? Pengine ni wingi wa mwanga tu, umejipanga mistari, nawe umeipa jina unalolipenda."

Jibu Jentrix alikuwa nalo kwenye daftari, kurasa sita za hesabu, lakini wakati ule hata ukurasa mmoja haukumjia. Shiundu akaona shingo yake ikilowa jasho kwenye baridi ile. Akamwogopea kana kwamba mtoto wake mwenyewe ndiye aliyesimama pale.

Akainuka. Akalichukua koti kwa Filister, akalivaa, akalifunga vifungo vyote, akaenda akasimama karibu na mlango akipiga hatua papo hapo, kushoto, kulia, kushoto, kulia, kama Jumapili. Kila mtu akamtazama. Alipoona limepata joto, akalivua.

"Mama Profesa," akasema, "naomba ruhusa nitundike koti."

Macho ya Jentrix yakafunguka. "Tundika, fundi," akasema. "Profesa, tazama picha zote mbili."

Koti likakaa msumarini. Picha ya kushoto, ya wingi wa mwanga, haikubadilika hata kidogo. Ya kulia ikaanza kulala, ikajipinda, ikatambaa. Shiundu akaliondoa, akangoja. Ya kulia ikanyooka. Ya kushoto haikuwa na habari kama kuna koti duniani.

"Waandamanaji ni wale wale," Jentrix akasema, na sauti yake ilikuwa imerudi. "Hawajaongezeka, hawajapungua. Mguu tu ndio umebadilika. Lingekuwa jambo la wingi, zote mbili zingesonga."

Profesa alilichukua koti mikononi mwa Shiundu, akaenda akalitundika mwenyewe, akaangalia, akaliondoa, akaangalia. Akafanya hivyo mara tatu. Kisha, badala ya kulirudisha, akalivaa juu ya sweta zake tatu. Likamfika visiginoni.

"Katika maisha yangu," akasema akijikunyata humo, "sijaona jaribio zuri hivi. Wala lenye joto hivi. Binti, andika. Weka picha ya koti likiwepo na picha ya koti lisipokuwepo, na jina la mwenye koti uandike lote. Umefaulu."

Jentrix alilia wazi wazi, akamkumbatia shangazi yake, kisha Kitheka, kisha Shiundu, ambaye alisema kuna vumbi humu ndani. Chai ikaletwa, na mahindi ya kuchemsha. Kitheka, akitumia kidole kimoja, akahifadhi picha zote mara mbili kabla hajathubutu kula.

Chai ilipompasha moto, Profesa akavua koti. Filister akalipokea, akasimama nalo katikati ya stoo, akatazama ukuta huu, akatazama ukuta ule. Akaenda nyuma ya mlango, akarudi na nyundo na msumari wa inchi nne.

"Jentrix," akasema, "mmemaliza kupima miguu ya huo mwanga?"

Jentrix akaitazama ncha, ndogo isiyoonekana, iliyomtesa miaka miwili. Akapangusa macho.

"Tumemaliza. Piga, Senje."

Filister akanyanyua nyundo. Na fundi Shiundu, kwa mazoea, akaweka kikombe chini, akakunja mikono, akangoja treni ipite.